Kabla Reli Haijafika Garissa



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme juu ya reli ya kutoka Lamu kupita Garissa mpaka Isiolo. Reli hiyo ilitangazwa kwa shangwe tarehe 2 Machi 2012, wakati Rais Mwai Kibaki alipokutana Lamu na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini. Waliahidi bandari, barabara, bomba la mafuta na reli. Bandari ilifungua gati lake la kwanza mwaka 2021. Reli bado haijalazwa taruma hata moja.

Kwetu Garissa wengi husema Serikali imetusahau, nao wana sababu ya kusema hivyo. Lakini mimi ni mtu wa reli niliyezaliwa huko, na nasema kwamba muda huu wa kungoja una faida kama tukiutumia. Reli ikija, yaelekea itakuja na kampuni ya kigeni, au kwa fedha za kigeni, au vyote viwili. Sisi wa reli tumekwisha kuona namna kampuni ya kigeni na Serikali wanavyopatana. Wanaopatana ni hao wawili. Mfanyakazi hupata habari baadaye, na mwenye ardhi hupata habari anapoona vigingi.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1888 Imperial British East Africa Company ilipewa hati na Malkia wa Uingereza itawale na kufanya biashara nchi hizi. Kampuni ikaishiwa na fedha, na mwaka 1895 Serikali ya Uingereza ikachukua mzigo wenyewe. Reli ikajengwa kwa fedha ya Serikali kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Wahindi kama 32,000 waliletwa kuijenga, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Basi tangu mwanzo mambo yalikuwa hivyo: Kampuni ilitangulia kwa maneno makubwa, na iliposhindwa Serikali ikalipa.

Njia ile ilielekea Ziwa na Uganda. Kaskazini haikuhesabiwa. Mahali reli ilipopita miji ilizaliwa, mashamba yakapata soko na ardhi ikapanda bei. Kwetu ilikuja sheria ya mwaka 1926 ya kufunga wilaya, hata mtu hakuweza kuingia au kutoka bila ya ruhusa. Baada ya Uhuru, Waraka wa Serikali nambari 10 wa mwaka 1965 ukasema fedha za maendeleo ziwekwe penye ardhi nzuri, mvua na njia za usafiri tayari, maana huko ndiko zitakakozaa upesi. Tazameni hesabu hiyo inavyozunguka. Hatukupewa reli kwa kuwa hatukuwa na mali ya kubeba, kisha tukanyimwa fedha kwa kuwa hatukuwa na reli.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wazee wetu wa kazi hawawezi kulisahau. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ilifanya Shirika lake la Reli. Shirika likazeeka pamoja na injini zake. Serikali za Kenya na Uganda zikaamua kuikodisha reli, na tarehe 1 Novemba 2006 ikakabidhiwa Rift Valley Railways kwa miaka 25. Aliyeongoza kampuni hiyo mwanzoni ni Sheltam ya Afrika Kusini. Kwa kuingia, Kenya ilipewa dola milioni 3 na Uganda dola milioni 2, na kila Serikali iwe inapata asilimia 11.1 ya mapato. Njia, madaraja na stesheni viliendelea kuwa mali ya umma. Kampuni ilitakiwa kuvitumia, kuvitunza na kuleta fedha ya kuvitengeneza.

Fedha ndiyo haikuja. Sheltam ilihangaika kutafuta mtaji, wenye hisa wakagombana, na Serikali badala ya kuuvunja mkataba ikawa inaurekebisha. Mwaka 2010 Citadel Capital ya Misri ikaingia na kushika hisa kubwa, na mkataba ukaandikwa upya. Mwaka uliofuata mabenki ya maendeleo ya nje yakatoa mikopo. Zikaja injini 20 zilizokwisha kutumika Marekani, na kwa haki niseme zilivuta. Hata hivyo mizigo iliendelea kwenda kwa malori, na mwaka 2017, miaka 11 tu tangu kuanza, mkataba wa miaka 25 ukavunjwa na reli ikarudi mikononi mwa Shirika.

Katika miaka hiyo 11 kampuni ilibadili wenye hisa na Serikali ikabadili mawaziri. Wote waliweza kurudi mezani wakaandika tena. Mfanyakazi aliyepunguzwa mwaka 2006 hakurudi mezani. Maelfu waliondolewa ili reli ikabidhiwe ikiwa nyepesi, kama unavyopunguza mabehewa kabla ya mlima. Haki zao za uzeeni zilitiwa katika mfuko wa pensheni ulioanzishwa mwaka huohuo wa 2006, na mfuko ukapewa ardhi na nyumba za reli, Muthurwa ikiwa mojawapo. Ardhi hailiwi, lazima iuzwe au ijengwe. Basi mwaka 2010 wapangaji wa Muthurwa, na miongoni mwao walikuwamo wastaafu wa reli, wakaamriwa kuhama na nyumba zikaanza kubomolewa. Walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2013 hakimu akakubali kwamba haki zao zilivunjwa. Fikirini jambo hilo: mfuko wa wazee wa reli umeshtakiwa na watu waliomo wazee wa reli, kwa sababu ya nyumba za reli! Katika mkataba wa wakubwa shida hiyo ilikuwa mstari mmoja tu.

Halafu ikaja reli mpya ya Mombasa na Nairobi, kilomita 472, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017. Waliojenga ni Wachina, benki iliyokopesha ni ya China, na kampuni iliyopewa kuendesha, Afristar, ni ya Wachina pia. Mikataba ya mkopo ilifichwa kwa miaka, na sehemu yake ikatolewa hadharani mnamo Novemba 2022, treni zikiwa zimekwisha kukimbia miaka mitano. Lakini kulipa hakukungoja. Ushuru wa reli ulianza mwaka 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mali inayotoka ng'ambo. Mama anayeuza nguo za kutoka nje katika soko la Garissa ameuchangia, na kutoka kibandani kwake mpaka stesheni iliyo karibu ni safari ya basi ya kutwa. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba watu wa Kaskazini Mashariki wanaomba bure. Tumekwisha kukata tikiti, bado gari tu.

Ndiyo maana nataka tuulize mapema. Garissa ni soko kubwa la ng'ombe, na wanyama hao huondoka kwa malori. Je, mkataba utailazimisha kampuni iwe na mabehewa ya mifugo, au itachagua makontena ya Lamu na kutupita kwa mwendo? Kampuni huchagua mzigo unaolipa, wala siilaumu, ndiyo kazi yake. Wa kuilazimisha ni Serikali, na hulazimisha kwa maandishi kabla ya kutia sahihi.

Kuna na malka. Wasiokaa kwetu hawajui kwamba ng'ombe na ngamia huteremka mto Tana kwa njia maalumu, ziitwazo malka, na wakati wa ukame njia hizo ndizo uhai. Reli ya Mombasa ilizungushiwa ua kwa sehemu kubwa. Ukiweka ua kama huo bila vivuko katika njia za malka, utakuwa na ugomvi wa maji kila kiangazi, na atakayetupiwa mawe ni dereva wa treni na mtengeneza njia, si mkurugenzi.

Juu ya ardhi, ndugu zangu wa nyumbani wanisikie vizuri. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema ardhi ambayo jamii haijaiandikisha hushikwa na Serikali ya Kaunti kwa niaba yao, pamoja na fidia yake, mpaka iandikishwe. Basi anayengoja wapimaji waje ndipo aandikishe amechelewa. Wavuvi wa Lamu walipewa hukumu yao Mahakama Kuu mwaka 2018, fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi zaidi ya 4,000, lakini bahari ilikuwa imekwisha kuchimbwa.

Najua wako watakaosema tunaleta masharti mengi na wenye fedha watakimbia. Rift Valley Railways haikuwekewa masharti ya wafanyakazi yenye meno, na fedha haikuja vilevile.

Naomba Halmashauri ya Chama iiandikie Wizara na Shirika sasa, kabla ya mkataba wowote wa reli ya Lamu, tudai nakala iwekwe wazi, Chama kisikilizwe juu ya kazi na pensheni, na vijana wa Garissa wafundishwe ufundi na udereva, wasichukuliwe kwa ulinzi na kufagia peke yake. Barua nimeianza. Mwanachama yeyote wa Garissa, Wajir au Mandera, na yeyote mwingine anayetaka kutia sahihi, na amwone Katibu wa tawi kabla ya mkutano wa mwezi ujao.