Bwana Shamba Anasema: Ekari Moja Ina Futi Ngapi?

Mwezi huu chukua kalamu na karatasi. Nataka tuitazame namba moja kubwa: 43,560. Isome polepole: elfu arobaini na tatu, mia tano na sitini. Hizo ni futi za mraba zilizomo katika ekari moja. Futi moja ya mraba ni kipande cha ardhi chenye urefu wa futi moja na upana wa futi moja.

Hapa Ruhembe tunalima miwa. Palizi tunalipa kwa ekari. Mbolea tunapima kwa ekari. Lakini ekari yenyewe wengi tunaipima kwa miguu: hatua 70 kwa hatua 70. Hata mimi nilifanya hivyo. Mzee mmoja aliniita nimpimie shamba. Nikatembea, nikahesabu, nikamwambia ni ekari moja. Akawalipa vibarua fedha za ekari moja.

Baadaye niliipima hatua yangu kwa futi kamba. Niliona aibu. Ilikuwa futi mbili na nusu tu! Hatua 70 za namna hiyo ni futi 175. Zidisha 175 kwa 175, utapata 30,625. Robo tatu ya ekari ni 32,670. Basi mzee alilipia ekari nzima, na shamba halikufika hata robo tatu. Ilinibidi nirudi kwake nimweleze.

Hatua 70 zinafaa ikiwa kila hatua ni yadi moja, yaani futi tatu. Hata hapo utapata 44,100, umezidisha kidogo. Shamba lenye pande nne sawa, zilizopimwa kwa futi nzima, haliwezi kuwa ekari kamili. Jaribu mwenyewe. 208 mara 208 ni 43,264, haijafika. 209 mara 209 ni 43,681, imepita.

Lakini 66 mara 660 ni 43,560 kamili. Mwaka 1620 Mwingereza Edmund Gunter alitengeneza mnyororo wa kupimia ardhi wenye futi 66. Wewe tumia kamba ya futi 66. Ikinyeshewa ipime tena, maana kamba hubadilika. Kamba moja kwa kamba kumi ni ekari. Kamba mbili kwa tano ni ekari. Nne kwa mbili na nusu pia ni ekari.

Tena namba hii hugawanyika vizuri. Jumlisha tarakimu zake: 4 na 3 na 5 na 6 na 0. Unapata 18. Kwa kuwa 18 hugawanyika kwa 9, basi 43,560 nayo hugawanyika kwa 9. Watoto tisa wakigawana ekari ya baba yao, kila mmoja atapata futi za mraba 4,840. Wakiwa wanane, kila mmoja 5,445. Hata wakiwa kumi na mmoja, kila mmoja atapata 3,960 bila baki.

Wenye taabu ni watoto saba. Kila mmoja atapata 6,222, na zitabaki sita. Hizo zinatosha kutandika mkeka wa mtoto mdogo.