Risasi ndogo ya kalibre 22: kwa nini Wamarekani wanaopiga shabaha hawaiachi

Huku Kivu na Ituri, mtoto wa miaka saba anajua tayari kutofautisha mlio wa masasi na ngurumo ya mvua. Akiusikia, anakimbilia ndani na kulala chini. Ndiyo maana wengi wetu tunashangaa ndugu zetu waliopokelewa Marekani kama wakimbizi wanapotusimulia habari za jirani yao: siku ya posho, baba anachukua watoto, karabini na kasha la risasi, wanakwenda kupiga makopo kama vile sisi tunavyokwenda kutazama mpira.

Mara nyingi risasi inayotumika katika mchezo huo ni ile ile: kalibre 22 Long Rifle. Ni mojawapo ya risasi ndogo kabisa zinazouzwa madukani kule. Bunduki mpya zinatoka kila mwaka, zenye nguvu zaidi na sura ya kijeshi, lakini hii ya zamani bado inanunuliwa kwa mabilioni. Kwa nini?

Jibu fupi ni kwamba ni rahisi kwa bei, nyepesi begani, na inafundisha vizuri. Lakini udogo huo huo unaofanya ipendwe ndio unaofanya watu na hata serikali waisahau hatari yake. Pande hizo mbili lazima zitazamwe pamoja.

Risasi ya tangu 1887

Mwanzo wake uko Ufaransa. Mwaka 1845, fundi Louis-Nicolas Flobert alitengeneza risasi ndogo ya kupigia shabaha hata ndani ya nyumba. Mwaka 1857, Smith & Wesson ya Marekani ilitoa risasi fupi ya kalibre 22 kwa ajili ya bastola yake ya kwanza. Miaka 30 baadaye, 1887, kampuni ya J. Stevens, ya Marekani pia, ilitoa Long Rifle, na umbo lake halijabadilika sana mpaka leo.

Ganda lake ni jembamba. Fataki, yaani dawa inayowasha baruti, haikuwekwa katikati ya kitako kama katika risasi za vita. Imesambazwa ndani ya ukingo wa kitako. Nyundo ya bunduki inagonga ukingo, dawa inawaka, baruti inalipuka. Kutengeneza ganda la namna hiyo ni rahisi, lakini likisha kutumika mpigaji hawezi kulijaza tena nyumbani kwake kama wengi wanavyofanya na risasi kubwa. Anategemea kiwanda tu.

Tulinganishe na kile tunachokijua sisi. Kichwa cha risasi ya AK-47 kina uzito wa gramu 8 hivi na kinatoka kwa mwendo wa mita 700 kwa sekunde. Kichwa cha kawaida cha kalibre 22 kina gramu 2,6, na mwendo wake ni nusu ya huo. Ukipima nguvu, ile ya AK inaishinda hii zaidi ya mara kumi.

Bei kwanza

Kupiga shabaha ni kama kupiga gitaa: bila kurudia mara nyingi, mkono haujui kitu. Na kila kurudia kuna gharama yake.

Madukani Marekani, risasi ya kawaida ya kalibre 22 inauzwa kwa senti chache za dola, mara nyingi chini ya senti 10. Ile ya 5,56, inayotumika katika bunduki za aina ya AR-15, inaweza kugharimu mara tano au zaidi. Tuchukue mtu anayepiga risasi 200 kwa alasiri moja. Kwa senti 8 kila moja, atalipa dola 16. Kwa senti 50, atalipa dola 100. Akifanya hivyo kila juma, mwisho wa mwezi tofauti inapita dola 300. Hata kwa familia ya Marekani, pesa hizo si mchezo.

Bunduki yenyewe pia si ghali sana. Ruger 10/22, iliyotolewa mwaka 1964, imeuzwa kwa mamilioni, na wengi wameirithi kutoka kwa baba au babu. Kijana anayekuta karabini kabatini anahitaji kununua kasha la risasi tu.

Haiumizi bega

Sababu ya pili iko mwilini. Mtu anayepiga bunduki kubwa kwa mara ya kwanza anasukumwa begani kwa nguvu, na mlio unamshtua. Mara ya pili anafumba macho kabla ya kufyatua, na shabaha inapotea. Walimu wa mchezo huu wanasema tabia hiyo ikisha kuingia ni kazi kubwa kuiondoa.

Kalibre 22 haisukumi. Mlio wake ni mdogo, ingawa masikio bado yanahitaji kukingwa. Kwa hiyo mwanafunzi anabaki ametulia, anajifunza kupumua, kulenga na kufyatua polepole. Vijana wa skauti wa Marekani wanaanzia hapo.

Na si wanafunzi tu. Katika Michezo ya Olimpiki, mashindano ya karabini ya mita 50 yanatumia risasi hii hii, na alama ya 10 pale katikati ina upana wa milimita 10,4 tu, sawa na ukucha wa kidole kidogo. Huko Paris 2024, mashindano hayo yalifanyika Châteauroux, na dhahabu ya wanaume ilikwenda kwa Liu Yukun wa China, ya wanawake kwa Chiara Leone wa Uswisi. Katika biathlon, mchezo wa kukimbia juu ya theluji na kupiga shabaha, risasi kubwa za kijeshi ziliachwa mwaka 1978, na tangu hapo wote wanatumia kalibre 22. Ni risasi chache ambazo mtoto na bingwa wa dunia wanazitumia pamoja.

Ilipopotea madukani

Nguvu ya mapenzi hayo ilionekana siku risasi hiyo ilipokosekana. Tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 2012, mtu mwenye silaha aliua watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut. Silaha aliyotumia kuwaua haikuwa ya kalibre 22. Lakini Wamarekani wengi waliogopa kwamba sheria kali inakuja, wakakimbilia madukani kununua kila aina ya risasi na kuweka akiba.

Kalibre 22 ndiyo iliyochukua muda mrefu kurudi. Maduka yalipima: kasha moja au mawili kwa mteja. Wengine walinunua asubuhi na kuuza tena jioni kwa bei ya juu, jambo ambalo sisi tunalijua vizuri wakati wa upungufu wa mafuta. Viwanda vilifanya kazi usiku na mchana, lakini kila kasha lililofika lilichukuliwa na mtu aliyeogopa kulikosa kesho. Hali kama hiyo ilirudi mwaka 2020, wakati wa korona.

Kwa kuwa ganda halijazwi tena nyumbani, wapigaji hawakuwa na njia nyingine ila kungoja. Hapo ndipo udhaifu wa risasi hii ulipo: bei yake iko mikononi mwa viwanda vichache. Mwishoni mwa 2024, majina makubwa ya Marekani kama CCI, Federal na Remington, upande wa risasi, yalinunuliwa na kundi la CSG kutoka Ucheki. Mchezo wa baba na watoto wake siku ya posho unategemea pia maamuzi yanayochukuliwa Ulaya.

Ndogo, lakini inaua

Sasa upande wa pili. Tarehe 5 mwezi wa sita 1968, seneta Robert Kennedy alipigwa risasi katika hoteli moja ya Los Angeles, akafa kesho yake. Bastola ilikuwa ya kalibre 22. Tarehe 30 mwezi wa tatu 1981, Rais Ronald Reagan alipigwa risasi Washington na karibu afe. Bastola ilikuwa ya kalibre 22. Msemaji wake, James Brady, alipigwa kichwani, akabaki na ulemavu mpaka kufa kwake mwaka 2014. Sheria ya 1993 inayotaka mnunuzi wa bunduki achunguzwe kwanza inaitwa kwa jina lake.

Viwanda vyenyewe vinajua. Kwenye makasha ya kalibre 22 mara nyingi kuna onyo kwamba risasi ni hatari hadi maili moja na nusu, yaani zaidi ya kilometa 2. Anayepiga kopo lililowekwa juu ya ukuta bila kilima nyuma yake hajui risasi itaishia kwa nani.

Kila nchi na jibu lake

Je, risasi ndogo ihesabiwe kama silaha nyingine? Nchi zimejibu tofauti.

Marekani, sheria ya 1968 ilimtaka muuza duka aandike jina la kila mnunuzi wa risasi. Mwaka 1982, Congress iliondoa kalibre 22 katika sharti hilo, kwa hoja kwamba daftari zilijaa majina yasiyosaidia uchunguzi. Ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya Reagan kupigwa kwa risasi ya aina hiyo hiyo. Mwaka 1986, sharti liliondolewa kwa karibu risasi zote.

Uingereza ilikwenda njia nyingine. Baada ya watoto 16 na mwalimu wao kuuawa katika shule ya Dunblane mwaka 1996, sheria ya kwanza ilikataza bastola kubwa na kuacha za kalibre 22. Mwisho wa 1997, serikali mpya ilizikataza hizo pia. Karabini za 22 zilibaki, lakini kwa kibali cha polisi. Australia, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur mwaka 1996, iliweka karabini za 22 zinazojipakia zenyewe mikononi mwa wachache wenye sababu maalum, kama wakulima. New Zealand, baada ya watu 51 kuuawa misikitini Christchurch mwaka 2019, ilikataza bunduki nyingi zinazojipakia, lakini ikaacha za 22 zisizobeba risasi zaidi ya 10.

Hakuna hata moja kati ya nchi hizi iliyofuta mchezo wenyewe. Zilichogombania ni nani aruhusiwe, kwa kibali gani, na kwa bunduki ya namna gani.

Jaribio linalokuja

Katika Kiswahili, neno risasi lina maana mbili: kile kinachotoka mtutuni, na madini mazito yanayokitengeneza. Madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto na kwa wanaopiga shabaha ndani ya majumba yasiyo na hewa ya kutosha. Tangu tarehe 1 mwezi wa saba 2019, jimbo la California linakataza risasi za madini hayo katika uwindaji wote. Kuna za shaba, lakini zinauzwa ghali zaidi. Kama katazo la namna hiyo litafika pia kwenye viwanja vya shabaha, nguzo kubwa ya kalibre 22, ambayo ni bei, itatikisika.

Mpaka hapo, wapigaji hawataiacha. Hakuna risasi nyingine inayowapa mazoezi mengi hivyo kwa pesa kidogo hivyo. Na kwa ndugu zetu walioko kule, ambao huenda siku moja jirani atawaalika kiwanjani, jambo moja la kukumbuka: anayewaambia “hii ni ndogo tu” anasema kweli juu ya bei na juu ya bega. Juu ya yule aliyesimama mbele ya mtutu, hasemi kweli. Hilo watu wa Kivu hawahitaji kufundishwa na mtu, lakini watoto wao wanaokulia Marekani, ambao hawakuwahi kulala chini kwa mlio wa masasi, wanahitaji kuambiwa.