Nani Atangulie Mbele ya Lobedi?

Ukipandisha Kitonga nyuma ya lobedi iliyobeba transfoma, unapata muda mwingi wa kupiga hesabu. Barabara zetu kuu nyingi zina lami ya mita 7 hivi, pande zote mbili. Mzigo wenye upana wa mita 5 unaacha mita 2: bodaboda inapenya, basi halipiti. Lazima mtu awazuie wanaoteremka, na basi la Mbeya halisimami kwa sababu utingo kapunga kitambaa chekundu. Linasimama kwa trafiki.

Hiyo ndiyo hoja ya wanaotaka kila mzigo mkubwa usindikizwe na polisi, nami naikubali nusu. Mizigo yenyewe haitapungua. Mitambo ya migodi ya Zambia na Kongo inashuka bandari ya Dar es Salaam na kuelekea Tunduma, na Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja. Vitu vya namna hiyo havifiki Rufiji kwa fuso.

Lakini kwenye tambarare za Usangu, kati ya Igawa na Chimala, dereva anauona mzigo tangu mbali. Pale gari la kutangulia lenye taa za kuwakawaka na bango linatosha. Uingereza polisi walianza kujitoa katika kazi hii mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwenye mzigo huwaarifu siku 2 kamili za kazi kabla ya safari, na wasindikizaji wengi ni wa kampuni binafsi, ambao kwa kawaida hawana mamlaka ya kusimamisha magari. Tukiiga, tuige na hilo. Mpe mtu binafsi king'ora leo, wiki ijayo utamkuta anaongoza msafara wa harusi.

Linalonisumbua zaidi ni pesa. Askari ambaye posho, chakula na chumba cha kulala vinatoka mfukoni mwa mwenye mzigo, atamwambia saa ngapi kwamba minyororo imelegea? Msindikizaji ndiye pia mkaguzi, na mkaguzi hapaswi kulishwa na anayekaguliwa. Ada ilipwe serikalini kwa kontroo namba, na kibali kitaje mahali polisi watakaposimama: Kitonga, madaraja membamba, makutano ya mijini. Askari wa eneo husika apokee mzigo hapo na kuuachia mbele, badala ya mmoja kuufuata zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar hadi Tunduma huku kituo chake kikipungukiwa mtu.

Wasafirishaji watalalamika kwamba kupokezana kunachelewesha, na ni kweli. Kuna siku askari wa upande wa Iringa atachelewa, na lobedi italala Ruaha Mbuyuni. Dereva na utingo watanunua vitunguu, watakula, watasubiri kukuche. Na basi la usiku litateremka Kitonga likiwa na upande wake wote wa barabara.