Waislamu wa Bangui na Haki ya Kura

Tarehe 13 Desemba 2015 wananchi wa Jamhuri ya Afrika ya Kati waliitwa kupiga kura ya maoni juu ya katiba mpya. Katika mtaa wa PK5 mjini Bangui, walikokimbilia Waislamu wengi waliosalimika na mauaji ya 2013 na 2014, risasi zilirindima na watu wakauawa. Wakazi hawakujifungia majumbani. Waliandamana kudai kura yao, na kesho yake wakapiga.

Msomaji atajiuliza: karatasi ya kura ina nini hata mtu aihatarishie roho? Jibu ni kwamba Waislamu wa nchi ile wameitwa wageni kwa miaka mingi, hata wale ambao babu zao wamezikwa pale. Ndiyo maana mwaka huo huo baraza la mpito lilipowanyima kura wakimbizi walioko nje, wengi wao wakiwa Waislamu, ilibidi Mahakama ya Katiba iutengue uamuzi huo.

Basi haki hiyo iliwafikisha wapi? Mei 2016 Karim Meckassoua, Muislamu, alichaguliwa Spika wa Bunge. Wengi waliona mlango umefunguka. Oktoba 2018 wabunge wakamwondoa, na hapakuwa na chama chenye mizizi cha kumsimamia. Hapo ndipo penye kasoro. Vyama vya nchi hiyo hufuata watu. KNK ni ya François Bozizé. Rais Faustin-Archange Touadéra naye alishinda mwaka 2016 akiwa mgombea binafsi, na chama chake cha MCU kikazaliwa mwaka 2018, yeye akiwa tayari Ikulu. Chama cha namna hiyo kitamlindaje mnyonge, ilhali chenyewe kinalindwa na dola?

Mahakama nayo ilipunguzwa makali. Septemba 2022 ilibatilisha kamati ya kuandika katiba mpya. Mwezi uliofuata rais wake, Bi. Danièle Darlan, akaondolewa. Kura ya maoni ya 30 Julai 2023 ikafuta ukomo wa mihula na kuurefusha muhula kutoka miaka mitano hadi saba. Katika uchaguzi wa 28 Desemba 2025 Touadéra aligombea kwa mara ya tatu na kutangazwa mshindi.

Katiba hiyo pia inamzuia mwenye uraia wa nchi mbili kugombea urais. Kwa juu juu ni kinga ya taifa. Lakini katika nchi ambamo jamii nzima imekuwa ikiambiwa si ya hapa, kila sharti la uraia huwa na makali ya ziada. Mtoto aliyezaliwa kambini nchini Chad mwaka 2014 atatimiza miaka 18 mwaka 2032, kabla muhula huu haujamalizika. Atakapokwenda kujiandikisha kupiga kura, kitu cha kwanza atakachotakiwa kuthibitisha ni kuwa yeye ni mwananchi.