Kijana anapoomba amplifaya ya besi, mzazi aanzie kwenye uzito

Mtoto akililia wembe mpe, walisema wahenga. Lakini kijana anayelilia amplifaya ya gitaa la besi humwacha mzazi njia panda. Wembe huu ni wa bei, na mzazi mwenyewe huenda hajawahi kuushika. Bei ya ada anaijua, ya sare anaijua. Asichokijua ni kwa nini boksi moja lenye spika linauzwa mara tatu ya jingine lililo pembeni yake, tena lile la bei kubwa ndilo dogo.

Ombi hili huja kwa namna inayofanana katika nyumba nyingi. Kijana alianza kupiga besi kanisani au shuleni, akitumia vifaa vya watu. Sasa yeye na wenzake watatu wanaitwa kwenye kipaimara, mahafali, au mgahawa wenye muziki Ijumaa jioni. Kila wanakoitwa anaulizwa kama ana amplifaya. Asipokuwa nayo, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Hapo hutokea makosa mawili. Kijana anataka kubwa kama aliyoiona jukwaani. Mzazi anataka ya bei ya chini, ambayo mara nyingi ni kuukuu na nzito. Yote mawili huishia pamoja: mzigo unabaki chumbani, na kijana anakwenda kwenye shughuli mikono mitupu.

Sabufa ya sebuleni haifai

Kabla ya kununua, wazazi wengi huuliza kama kijana hawezi kuchomeka gitaa kwenye redio ya nyumbani. Jibu ni hapana. Uzi mnene wa besi ya nyuzi 4 hutetema kama mara 41 kwa sekunde, na ili sauti hiyo isikike, spika inapaswa kusukuma hewa nyingi. Muziki wa redioni umeshasawazishwa studio. Gitaa linalopigwa papo hapo huja kwa kishindo, na spika ya sebuleni inaweza kupasuka.

Amplifaya ya gitaa la solo nayo ina mpaka wake. Kwa mazoezi ya sauti ndogo chumbani itavumilia, lakini ikipandishwa ili ishindane na ngoma, spika yake huweza kuharibika. Besi inahitaji kifaa cha besi.

Uzito umepungua, na kuna sababu

Zamani mpiga besi hakuwa na hiari. Ampeg SVT iliyotoka Marekani mwaka 1969 ilikuwa na wati 300. Mashine yake pekee ilikaribia kilo 40, na boksi lake lenye spika 8 lilikuwa zito zaidi. Hicho kilikuwa kifaa cha majukwaa makubwa yenye gari na wapagazi.

Siku hizi mambo matatu yamepunguza mzigo huo. Kwanza, amplifaya nyingi hutumia saketi za kundi D, zinazopoteza umeme kidogo kama joto na hivyo hazihitaji vipande vikubwa vya chuma vya kupozea. Pili, transfoma nzito imeondolewa na mahali pake pamewekwa mfumo mwepesi unaofanya kazi kama chaja ya simu. Tatu, baadhi ya spika hutumia sumaku za neodimiamu, ambazo ni ndogo lakini zina nguvu.

Matokeo yake yanaonekana kwenye mizani. Fender Rumble 40, yenye wati 40 na spika ya inchi 10, ina kilo 8 hivi. Rumble 100, yenye spika ya inchi 12, ina kilo 10. Rumble 500, yenye spika 2 za inchi 10, haifiki kilo 17. Zipo hata mashine za wati 200 zisizofika kilo 1, kama Trace Elliot ELF, ila hizo huuzwa bila spika. Mzazi asishangilie bei ya mashine peke yake kabla hajauliza bei na uzito wa boksi la spika litakaloambatana nayo.

Hesabu ya mwaka inaeleza zaidi. Kijana mwenye mazoezi mara 1 na shughuli mara 2 kwa wiki husafiri na mzigo wake mara 6, kwenda na kurudi. Kwa wiki 52 ni safari 312. Mwenye kilo 10 atashika begi mkono mmoja na gitaa mgongoni, apande bodaboda. Mwenye kilo 25 atahitaji bajaji, au mgongo wake ulipe. Tofauti ya nauli na maumivu ya kiuno havimo kwenye bei ya dukani, lakini familia itavilipa.

Wati si kipimo cha thamani

Namba kubwa ya wati ndiyo inayowavutia vijana na wauzaji. Ukweli ni kwamba kuongeza wati maradufu hupandisha sauti kwa desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulihisi kidogo. Ili sauti isikike kama imekuwa maradufu, zinahitajika wati takribani mara 10.

Kwa hiyo swali la kwanza ni mahali gani kijana atapiga. Kwa mazoezi ya nyumbani na kikundi kisicho na ngoma, wati 40 zinatosha. Kukiwa na mpiga ngoma anayejizuia katika ukumbi mdogo, wati 100 ni mwanzo mzuri. Kukiwa na ngoma za kishindo au uwanja wa wazi, wati 200 hadi 500 zina sababu.

Kanisani na kwenye kumbi zenye mfumo wa sauti, hesabu hubadilika tena. Hapo besi hupelekwa kwenye miksa na kusikika kwenye spika kubwa za ukumbi. Amplifaya ya kijana inabaki ya kumwezesha yeye na wenzake kujisikia. Ndiyo maana tundu lenye pini 3 la kutolea sauti, linalotumia waya kama ule wa maikrofoni, lina thamani kuliko wati 100 za ziada.

Mzazi pia ajue kwamba wepesi una gharama yake. Boksi dogo, sauti nene na sauti kubwa havikai pamoja vyote vitatu. Kimoja lazima kipungue. Vilevile saketi ndogo za kisasa ni ngumu kutengeneza. Fundi wa mtaani aliyezoea kubadilisha vipuri kwenye amplifaya kuukuu huenda asiweze kuigusa hii, na mara nyingi bodi nzima hubadilishwa. Kwa hiyo risiti na dhamana ya maandishi ni sehemu ya bidhaa.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

*Volti.* Kibandiko cha nyuma kisomwe kwanza. Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120, wa Tanzania ni 230. Amplifaya ya volti 120 tupu iliyotumwa na mjomba aliye ughaibuni inaweza kuungua siku ya kwanza.

*Waya wa ethi.* Plagi iwe na pini zake zote 3 na isikatwe ili iingie kwenye soketi yoyote. Mikono ya kijana iko kwenye nyuzi za chuma. Ethi ndiyo kinga yake hitilafu ikitokea.

*Kubeba.* Kijana aibebe mwenyewe kwa mkono mmoja hadi mlangoni na kurudi, gitaa likiwa mgongoni. Akibadilisha mkono mara tatu, ni nzito.

*Kusikiliza kwa mbali.* Apige uzi mnene kwa sauti ya shughuli, na mzazi asimame hatua kadhaa kutoka hapo. Spika ikikwaruza au boksi likigongagonga, watafute nyingine.

*Iliyotumika.* Iachwe ikiwaka nusu saa huku ikipigwa. Harufu ya kuungua, mngurumo usioisha, au sauti inayokatika vitufe vikizungushwa ni dalili za kuondoka. Rahisi ni ghali.

Masikio na majirani

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na watoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila sauti inapopanda kwa desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu. Usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi, na kijana wa miaka 16 ana maisha marefu ya kuuhitaji.

Wapiga besi wengi hupandisha sauti kwa sababu spika iko sakafuni ikielekea magotini. Dawa yake haina gharama. Amplifaya iwekwe juu ya kiti imara au iinamishwe imwelekee usoni. Atajisikia vizuri bila kuongeza sauti. Akitaka unene zaidi, aisogeze karibu na ukuta. Vizibo vya masikio viwe ndani ya begi lake siku zote.

Nyumbani, sauti nene hupenya ukuta kuliko sauti nyembamba, na jirani ataisikia hata mlango ukifungwa. Tundu la hedifoni si anasa kwa familia inayoishi nyumba ya kupanga, ila hedifoni nazo zisifunguliwe hadi mwisho.

Makubaliano kabla ya risiti

Bajeti iwekwe kwa seti nzima: amplifaya, waya mzuri wa gitaa, mfuko wa kubebea na kilinda umeme. Kisha yazungumzwe mambo ambayo duka halitayauliza. Nauli atalipa nani? Kijana akianza kupata chochote kwenye shughuli, sehemu gani itarudi nyumbani au kuwekwa kwa matengenezo? Saa ngapi sauti inazimwa? Usiku atarudi na nani?

Kijana anayejibu maswali hayo kabla ya kununuliwa ameshaanza kutunza kifaa chake. Na mzazi aliyemsikiliza atajua kama kinachohitajika ni wati 500, au ni kilo 10 zenye tundu la miksa, zinazoenea kwenye bodaboda.