Kabla ya kuleta simu ya afya kijijini, mtuulize kwanza



Siku hizi miradi mingi ya afya inakuja vijijini na simu ao tableti. Reko wanapewa simu ili waandike ndani wagonjwa waliowaona. Wamama wenye mimba wanatumiwa ujumbe wa kuwakumbusha siku ya CPN. Na ofisi za ushirika zinaombwa kutoa nafasi ya kuchajia simu ao ya kukusanya watu kwa mafunzo. Sisi hatupingi hiyo kazi. Lakini tunasema wazi: chombo kilichotengenezwa mbali, bila kumuuliza mtu atakayekitumia, kinakuwaka mzigo juu ya mzigo. Na wanaolipa ni watoto na wamama wetu, hapana wale waliokitengeneza.

Kuna atakayeuliza: gazeti la kilimo linatafuta nini katika mambo ya programu za afya? Jibu ni kwamba reko na mkulima ni mtu mmoja. Reko ni mtu wa kujitolea. Asubuhi iko shambani, mchana anapima mtoto wa jirani, jioni anapeleka maharagwe kwenye depo ya ushirika. Kila saa inayopotea juu ya simu, inatoka kwenye shamba lake ao kwa mgonjwa wake. Na mtoto akiugua malaria wakati wa kupanda, nyumba nzima inachelewa na msimu. Njo maana jambo hili ni letu.

Kamba ya rangi tatu

Tuanze na chombo ambacho kila mama anajua: kamba ya kupimia mkono wa mtoto. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 anazungushiwa kamba kwenye mkono wa juu. Ikionyesha kijani, ni vizuri. Manjano, kati ya milimita 115 na 125, mtoto ameanza kukonda na anahitaji kufuatwa. Nyekundu, chini ya milimita 115, apelekwe kituo cha afya bila kukawia. Asiyejua kusoma anaitumia, na haiombi umeme wala rezo. Huko Niger wamama walifundishwa kupima watoto wao wenyewe, na ilionekana kwamba wanapima karibu sawa na watu wa afya.

Kwa nini hii kamba imefaulu? Juu waliotengeneza walijiuliza kwanza: nani ataishika, wapi, na baada ya kupima atafanya nini? Hayo maulizo matatu njo tunayotaka tuyasikie kila mara mtu anapotuletea programu mpya.

Kuna mfano mwingine tunaoshika mkononi kila siku ya soko. M-Pesa ilijaribiwa Kenya mwaka 2005 ili watu walipe mikopo midogo kwa simu. Lakini watu walioijaribu walianza kuitumia kwa kutumiana pesa wao kwa wao. Watengenezaji hawakuwakataza. Waliangalia, wakageuza kazi yao, na mwaka 2007 ilipofunguliwa kwa wote ilikuwa kwanza chombo cha kutuma pesa. Kwetu Kongo ilifika mwaka 2012. Leo mama muuza mihogo ambaye hakufika sekondari anapokea malipo yake bila kumuomba mtu msaada. Basi wanaosema kwamba watu wa kijiji hawaelewi teknolojia, waache. Watu wanajifunza haraka kitu kinachojibu shida yao.

Pale mambo yanapoharibikia

La kwanza ni luga. Maprogramu mengi yanakuja katika Kifaransa, na mengine katika Kiswahili cha vitabu. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, watu zaidi ya 2.200 walikufa. Wafanyakazi wa Translators without Borders walionyesha wakati ule kwamba wengi hawakuelewa vizuri matangazo ya Kifaransa, na hata ya Kiswahili sanifu. Mtu asiyeelewa neno anaogopa, na mtu anayeogopa anaficha mgonjwa. Neno moja baya ndani ya simu linaweza kufanya hivyo hivyo.

La pili ni rezo na umeme. Programu inayoomba intaneti kila saa haitafanya kazi kwenye vilima vingi tunakoishi. Inapaswa kuandika bila rezo, ikatuma siku reko atakapofika sokoni. Na kuchaji simu kunalipwa. Kama mradi hautoi pano ndogo ya jua, reko atalipa shaji kwa pesa ya chumvi.

La tatu ni wingi wa maulizo. Reko wa kituo cha matunzo cha kijiji anatibu malaria, kuhara na nimonia ya watoto. Kwa nimonia anapaswa kuhesabu pumzi za mtoto dakika nzima: pumzi 50 ao zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 ao zaidi kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, ni alama ya nimonia. Hapo simu inaweza kusaidia kweli: inapima dakika, reko anagusa kioo kila pumzi, na simu inamwambia kama pumzi zimezidi. Lakini tunaonaka kinyume. Reko anajaza fishi ya karatasi, kisha anajaza tena mambo yale yale ndani ya simu, na simu haimrudishii kitu. Habari zote zinapanda juu, hakuna inayoshuka.

La ine ni mwenye simu. Katika nyumba nyingi simu ni ya baba. Ujumbe wa mimba, wa uzazi wa mpango ao wa kipimo cha ukimwi ukiingia kwenye simu ya baba ao ya mtoto mkubwa, siri ya mama imetoka. Inaweza kuleta ugomvi, hata kufukuzwa nyumbani. Nchi yetu iko na Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za mtu. Lakini sheria haitamsaidia mama kama programu haikumuuliza kwanza: tukutumie ujumbe kwa simu ya nani, na saa gani?

Wanaotujibu

Watu wa miradi wanaweza kusema: wizara inahitaji hesabu za namna moja kutoka zone za afya zote, na ziko zaidi ya 500, hatuwezi kutengenezea kila kijiji programu yake. Hiyo ni kweli, na tunaikubali. Hesabu za taifa zinaingia katika DHIS2, na ni vizuri ziingie mahali pamoja. Uganda ilionja ubaya wa kila mradi kuja na simu yake: mwaka 2012 wizara yao ya afya ilisimamisha miradi ya namna hiyo, juu ilikuwa mingi mno na haikuungana.

Lakini hesabu kuwa za namna moja haikatazi namna ya kuziingiza kuwa rahisi. Wizara inaweza kuomba idadi ya watoto wa malaria, na reko akagusa picha ya mtoto pahali pa kuandika sentensi ya Kifaransa. Sauti ya Kiswahili chetu, Kinande ao Mashi inaweza kusoma ulizo. Haya hayaharibu hesabu, yanazinyoosha, juu mtu anayeelewa ulizo anajibu ukweli.

Wengine wanasema kuuliza watu kunachelewesha na kunakula pesa. Sisi tunajibu: simu zinazolala ndani ya sanduku za kituo baada ya mradi kuisha, hizo njo pesa iliyopotea. Na OMS yenyewe, katika miongozo yake ya mwaka 2019, ilisema kwamba vyombo vya dijitali haviwezi kuchukua nafasi ya huduma za afya zenyewe. Simu ikimtuma mama kituoni na dawa hakuna, mama hataisikiliza tena siku nyingine.

Tunachoomba

Vyama vya ushirika viko na nguvu hapa. Tuko na mikutano, tuko na vikundi vya wamama, tuko na watu wanaojua nani iko na simu na nani hana. Mradi ukija kugonga mlango, komite iulize haya kabla ya kutoa chumba:

Nani wa kijiji hiki aliijaribu programu kabla ya kununua simu zote, na mlibadilisha nini kwa sababu ya maneno yake? Inatumika bila rezo? Iko na sauti katika luga ya hapa? Itaondoa fishi gani ya karatasi? Reko atapata habari gani kwa kurudi? Habari za wagonjwa zinalala wapi, na nani anaziona? Mradi ukiisha, nani atalipa shaji, vipuri na megabaiti?

Na kwenye siku ya kujaribu wasije tu presidenti na sekretere wa ushirika. Waje mama asiyesoma, mzee asiyeona vizuri, na reko aliyetoka shambani na mikono ya udongo. Wapewe simu bila kufundishwa, na mtengenezaji anyamaze aangalie pale wanapokwama. Nusu siku ya namna hiyo itamfundisha zaidi kuliko ripoti ya kurasa mia.

Kama majibu hayako, komite iko na haki ya kusema: rudini, mtengeneze vizuri, kisha mkuje. Hiyo si kukataa maendeleo. Hata mbegu mpya hatuzipande shamba nzima mwaka wa kwanza. Tunazijaribu kwanza kwenye kipande kidogo, na mwenye shamba njo anayesema kama zimefaa.