Usonji si Pepo, na Nyumba ni Darasa

Wapendwa, tuache kuwafungia watoto wenye usonji vyumba vya uani, kisha kuwazungusha kwenye foleni za maombezi kana kwamba wana mapepo. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo; haukemewi. Kuomba tuombe, lakini maombi hayamwondolei mzazi wajibu wa kufundisha.

Mwaka 1529 Martin Luther alipotoa Katekisimu Ndogo, aliwakabidhi wakuu wa nyumba wawafundishe watu wao kwa maneno mepesi. Basi sisi Walutheri tunajua kwamba shule ya kwanza ni nyumbani. Kwa nini mtoto huyu tumtoe darasani?

Wengine wetu tutasema: walimu wa elimu maalumu ni wachache, na sisi wa Mbagala na Bunju tunarudi kazini usiku. Ni kweli, na walimu tuwadai. Lakini kuoga ni kila siku, na kula vilevile. Watoto wengi wenye usonji hutulia mambo yakifuata mpangilio uleule: ndoo, sabuni, taulo, nguo. Tuigawe kazi vipande vidogo. Tumvalishe shati, tumwachie kifungo cha mwisho. Akikiweza, tumwachie viwili. Kumfanyia kila kitu si huruma, ni kumnyima.

Na usharikani je? Tuache kumkodolea macho mama ambaye mwanawe anapiga kelele ibadani. Tumpokee mtoto shule ya Jumapili, tumpe kazi yake, apange viti kila wiki. Amebatizwa kama sisi. Si mtu wa kufichwa.